Mtu Aliyeonekana Umeme Ukipungua

Kabla sijaanza, nakuomba usinisikilize kama unavyosikiliza ngano za kulalisha watoto. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu, sijaonja pombe, na mikono yangu ikiwa kwenye kazi ninayoijua. Wapo waliosema nilikosa hewa kule chini. Sawa, waseme. Lakini mtu aliyekosa hewa hawezi kujua kitu ambacho hakuna aliyekijua, si kweli?

Miaka ile ya hamsini nilikuwa fundi umeme katika mgodi mmoja mdogo wa dhahabu, njia ya kutoka Geita kuelekea Ushirombo. Jina lake sitalitaja. Siku hizi mdomo wa shimo umefukiwa na watu wamepanda mihogo juu yake. Wakati huo ulikuwa mgodi hai, una kinu cha kusaga mawe kinachonguruma mchana kutwa, una jenereta za dizeli, una kambi ya nyumba za bati walimojaa Wasukuma, Wasumbwa, Wazinza, Wanyamwezi na Wahaya. Mimi na mama Shija, mke wangu, tulikaa chumba cha mwisho, na kaka yake mkubwa, Makoye, alikaa chumba cha jirani. Makoye alikuwa mnyapara wa kundi lililochimba ngazi ya chini kabisa.

Mwaka huo mvua ilinyesha vibaya. Maji yalipenya kwenye miamba yakashuka mpaka ngazi ile ya chini, na kitu pekee kilichoyazuia yasiwafike watu magotini kilikuwa pampu moja kubwa iliyowekwa katika chumba kilichochongwa kwenye mwamba, juu kidogo ya ngazi hiyo. Sheria ilikuwa fupi: pampu ikisimama na ikakataa kuwaka, kengele inapigwa na kila aliye chini anapanda juu.

Sasa nikueleze kidogo shida yetu ilikuwa nini, maana bila hilo hutaelewa nilichofanya. Kila kinu cha mawe kilipowashwa kule juu, kilivuta umeme mwingi kwa ghafla, jenereta zikazidiwa, na umeme wa mgodi mzima ukapungua nguvu kwa muda. Kwenye swichi ya pampu kulikuwa na rilei, kidude chenye koili, yaani waya uliozungushwa, na mkono wa chuma. Umeme ukiwa wa kutosha, koili inaushika ule mkono. Umeme ukipungua kupita kiasi ulichokipanga, mkono unaanguka na swichi inakata. Kazi yake ni kuilinda mota. Mota ikipewa umeme pungufu huku mzigo ni uleule haitulii. Inavuta mkondo mkubwa zaidi, inapata moto, mwisho inaungua.

Kwa hiyo rilei ni kitu cha heri. Lakini yetu ilikuwa na woga mno. Kinu kikiwaka tu, tak, pampu imekatika. Mzee Luhende, mwangalizi wa pampu, alikuwa akiiwasha tena mara nyingi kwa siku hata akasema mkono wake umeanza kufanana na mkono wa swichi.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Singasinga mmoja, Fundi Gurdial, mtu wa maneno machache na chai nyingi. Tulikaa naye karakana tukakubaliana. Mshale wa rilei, unaopanga umeme ukipungua kiasi gani ndipo ikate, tutaushusha kidogo, ivumilie umeme kupungua, ila tusiushushe mpaka mota iwe hatarini. Halafu tutaibana skrubu ya kikombe cha mafuta. Hicho ni kikombe kidogo chini ya rilei, mkono wa chuma unazama ndani ya mafuta yake polepole kabla haujakata. Ukiibana skrubu, mkono unachelewa. Kwa maneno mengine, tuliitaka rilei ivute pumzi kwanza, ione kama umeme unarudi, ndipo iamue.

Nilishuka baada ya chakula cha mchana. Pale chini, unajua mwenyewe, mchana na usiku ni kitu kimoja. Mzee Luhende alikuwa amekaa kwenye gogo karibu na simu ya kuzungusha kwa mkono, akitafuna kiazi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, baba Shija. Umekuja kunipumzisha?”

“Nimekuja kuifundisha hii rilei subira.”

Akacheka. Nikazima taa yangu ya kabaidi, ile inayowaka kwa maji kudondokea unga wake, ili nisiyamalize bure, kwa kuwa chumba kilikuwa na balbu zake. Nikafungua kifuniko, nikashusha mshale mpaka pale tulipopatana, nikabana skrubu. Nikamwambia Mzee Luhende apige simu juu, Fundi awashe kinu tuone.

Kinu kikawaka. Balbu zikafifia zikawa nyekundu kama makaa. Zamani pampu ilikuwa ikikatika mara moja, mzigo unapungua, na taa zinarudi upesi. Safari hii pampu haikukatika. Ilinguruma kwa sauti nzito, mkono wa rilei ukashuka taratibu ndani ya mafuta, na wekundu ule ukadumu muda ambao chumba kile hakijawahi kuuona.

Na ndani ya wekundu ule nikamwona mtu.

Alikuwa amesimama upande wa pili wa pampu, amenipa mgongo, ameelekea ukuta wa mwamba. Mwili mtupu kutoka kiunoni kwenda juu, amejifunga kipande cha ngozi. Alikuwa amelowa. Simaanishi jasho, sisi wote tulitoka jasho mle. Alilowa kama mtu aliyetoka mtoni sasa hivi. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimeshika mwamba, kama unavyoshika ubavu wa ng'ombe kusikia kama ndama amegeuka.

Unafikiri niliogopa? Niamini, mwanzoni sikuogopa hata kidogo. Nilidhani ni mmoja wa kundi la Makoye aliyepanda kupumzika. Nikamsalimia kwa Kisukuma, “Mwadila.”

Taa zikarudi. Hapakuwa na mtu.

“Unamsalimia nani?” Mzee Luhende akauliza.

“Huyo aliyesimama hapo.”

Mzee Luhende akatazama pampu, akatazama ukuta, akanitazama mimi. “Hapo hapana mtu. Hapo hapana hata nafasi ya mtu.”

Kweli. Kati ya pampu na ukuta palikuwa na upenyo wa kupitisha mkono tu. Hapo ndipo woga uliponiingia.

Nilijikaza. Nikajiambia macho yamechoka na ule wekundu. Nikawasha taa yangu ya kabaidi, nikaenda upande ule, nikapitisha mkono mpaka nikaugusa mwamba mahali alipokuwa ameweka kiganja. Ulikuwa mkavu na baridi. Nikatega sikio. Sikusikia kitu ila pampu. Kama ungekuwa na ufa au tone, ningekuambia. Haukuwa na chochote.

Nikarudi kwenye rilei, nikazima taa yangu. Jaribio moja halitoshi kwa kazi kama hiyo, na Fundi alikuwa anangoja juu. Nikamwambia Mzee Luhende aombe kinu kizimwe, kisha kiwashwe tena.

Taa zikafifia. Sikutaka kutazama, lakini shingo iligeuka yenyewe. Alikuwepo. Safari hii hakuwa nyuma ya pampu, alikuwa upande wangu, karibu kiasi cha kuweza kumshika bega. Bado amenipa mgongo, bado kiganja kiko ukutani, maji yanamtiririka mgongoni na hayafiki chini. Akasema, taratibu, kwa Kisumbwa. Mimi Kisumbwa ninakisikia kwa shida, ila hayo nilielewa yote.

“Watoe watu. Amechoka kuyashika.”

Amechoka nani? Mpaka leo sijui. Taa zikarudi, na sauti ikaishia hapo.

Mzee Luhende alikuwa ameacha kutafuna. Hakuwa ameona kitu, aliniapia hivyo baadaye, lakini aliuona uso wangu. “Baba Shija, kaa chini,” akasema. Sikukaa. Nilikuwa nafikiria ngazi ya chini, chini ya miguu yetu, ambako Makoye na kundi lake walikuwa wanachimba.

Sasa niambie, wewe ungefanyaje? Ningeizungusha ile simu nikamwambia Fundi Gurdial kwamba mtu aliyelowa, asiye na mahali pa kusimama, ameniambia watu watolewe? Angeniambia nipande nikalale. Ningeshuka nikamwambia Makoye? Shemeji yangu alikuwa mtu wa kuheshimu mizimu yote ya kwao, lakini alikuwa amepewa sehemu ya mwamba wa kumaliza jioni hiyo, na asingeacha kwa neno langu tu. Na huku watu wanabishana na kuulizana, je, kama maji yanakuja kweli?

Nilikuwa na kitu kimoja mkononi. Bisibisi.

Nikafungua tena kifuniko. Mshale niliokuwa nimeushusha nikaurudisha juu, nikaupitisha pale ulipokuwa zamani, nikaupeleka mwisho kabisa, karibu na umeme kamili. Skrubu ya kikombe cha mafuta nikailegeza yote, rilei isisubiri hata kupepesa jicho. Nilijua vizuri nilichokuwa nafanya. Rilei iliyopangwa hivyo haivumilii kitu. Na pampu yenyewe inapoanza kuzunguka huvuta umeme ukapungua kidogo, kwa hiyo ikishakatika, kila utakapojaribu kuiwasha itajikata yenyewe.

“Mzee, waambie wawashe kinu mara ya tatu.”

Kinu kikawaka. Tak. Pampu ikanyamaza. Sikugeuka kutazama ukuta, nakwambia ukweli, nilikaza macho kwenye sahani ya ile rilei kama mtoto anayeogopa giza.

Mzee Luhende akaenda kwenye swichi, akaisukuma. Pampu ikakoroma, tak. Akasukuma tena. Tak. Akanitazama.

“Umeiharibu?”

“Inakataa, mzee. Piga kengele.”

“Baba Shija, dakika moja iliyopita ilikuwa inafanya kazi.”

“Mzee wangu, nakuomba. Piga kengele.”

Sijui alisikia nini katika sauti yangu. Hakuuliza tena. Akaipiga kengele ya hatari, ile ya mapigo ya haraka, na baada ya muda nikasikia sauti za watu wakipanda ngazi za mbao kutoka chini, wanalalamika. Makoye alitokeza wa mwisho, kama mnyapara anavyotakiwa, uso umejaa vumbi la mawe.

“Shemeji, hii pampu yako itatuua kwa usumbufu,” akasema. “Tumebakiza kidogo tu.”

“Panda juu, shemeji. Nitaitengeneza.”

“Basi niwaache wawili wapange zana.”

“Usimwache mtu.”

Aliniangalia. Mimi na Makoye tulikuwa watu wa utani, sikuwahi kumwamuru jambo. Akageuka akawaambia wenzake waingie kwenye keji, kile kizimba cha chuma cha kupandishia watu. Tulibanana humo wote, kundi lake, Mzee Luhende na mimi, tukavutwa juu. Njia nzima walikuwa wananitupia maneno. Mmoja aliuliza kama mafundi umeme hulipwa kwa kuharibu. Nilikuwa nahesabu vichwa moyoni, nikimaliza naanza upya.

Juu jua lilikuwa bado linawaka. Fundi Gurdial alikuwa anatusubiri mdomoni mwa shimo, kilemba kimepigwa vumbi, amekasirika.

“Tulikubaliana vizuri,” akaniambia. “Umefanya nini?”

Sikuhitaji kujibu. Upepo ulitoka shimoni. Ndiyo, upepo, kutoka chini kwenda juu, wenye harufu ya tope la miaka mingi, ukaipeperusha kofia ya mmoja wetu. Kisha ikaja ngurumo ambayo tuliisikia kwa miguu kabla ya kuisikia kwa masikio. Kisha taa zote za mgodi zikafifia, zikazimika, kwa sababu maji yalikuwa yamefika kwenye nyaya za chini.

Makoye alisogea pembeni akawaita watu wake mmoja mmoja kwa majina, na kila mmoja akaitika. Alipomaliza akakaa chini pale pale kwenye mawe, akaweka mikono kichwani. Alianza kucheka, na kicheko kikawa kilio, na kilio kikawa kicheko tena. Wanawake wa kambi walikuwa wameanza kukimbia kuja. Mama Shija alimkuta kaka yake amekaa hivyo, akamwinua, akamkumbatia, kisha akanikumbatia mimi mbele ya watu wote, jambo ambalo kwetu halifanywi. Sijawahi kuusahau uzito wa mikono yake shingoni. Nilihisi kama mtu aliyetua gunia alilolibeba kutoka Shinyanga mpaka Geita.

Jioni hiyo kambi ilikula pamoja. Mtu alichinja mbuzi, sijui wa nani. Walionitukana ndani ya keji walikuwa wananiletea mapande ya nyama.

Asubuhi nilimfuata Fundi Gurdial karakana, nikamweleza yote, tangu kumwona yule mtu hadi bisibisi. Alisikiliza huku chai yake inapoa.

“Ungeniambia kwenye simu,” akasema, “ningekuambia upande, na wao ningewaacha.”

“Najua, Fundi.”

“Basi ni vizuri hukuniambia.” Akanywa ile chai baridi. “Mshale uliupeleka wapi?”

“Juu kabisa.”

“Na mafuta?”

“Nililegeza yote.”

Akatikisa kichwa polepole, kama fundi anayekubali kazi ya fundi mwenzake. Baada ya hapo hakulizungumza tena, na kwa wakubwa aliandika kwamba ulinzi wa pampu ulikata kwa sababu ya umeme hafifu. Nao haukuwa uongo.

Ilichukua muda mrefu kuyatoa maji yale. Walipofika chini waligundua kwamba nyuma ya ukuta ule wa mwamba kulikuwa na shimo la zamani, la tangu enzi ya Mjerumani, ambalo halikuwa kwenye ramani yoyote. Lilijaa maji ya mvua mpaka likaupasua ukuta uliobaki mwembamba. Mle ndani walikuta nguzo za mbao zilizooza na nyundo ya chuma ya kufuliwa kienyeji. Mimi nilitegemea wakute mifupa. Nilikuwa nimeshajieleza moyoni kwamba yule ni marehemu aliyezama mle, nikaona inaeleweka. Hawakukuta mfupa hata mmoja.

Aliyenipa jibu, kama ni jibu, alikuwa mama Yustina, mjane Msumbwa aliyekuja kambini kuuza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kutoka upande wa Ushirombo. Siku moja alisikia watu wakilisimulia tukio, akaacha kikapu chake akaja nyumbani kwangu.

“Baba, alikuwa amekugeukia au amekupa mgongo?” Hakusalimia hata kwanza.

“Alinipa mgongo, mama.”

“Na kiganja ukutani.”

“Ndiyo.”

Akakaa mkekani. Akasema marehemu mumewe alichimba katika shimo lile la zamani alipokuwa kijana. Siku maji yalipoingia hakufa mtu, kwa sababu mtu aliyelowa aliwaambia watoke, nao wakatoka mbio. Wakati huo hapakuwa na mgodi mwingine, hapakuwa na marehemu yeyote wa mle. Walimwona kwa mwanga wa kienge cha nyasi kilichokuwa kinakaribia kuzimika.

“Mume wangu alidhani ni mwenzao,” akasema. “Alipofika mlangoni alirudi nyuma amvute mkono watoke wote. Yule akageuka, na mume wangu akamwona uso.”

“Alikuwaje, mama?”

“Hakuniambia. Tuliishi pamoja mpaka uzee na hakuniambia. Ila tangu siku hiyo hakukaa tena na mtu uso kwa uso wakati wa kula.” Akasimama, akakunja kanga yake vizuri. “Umshukuru Mungu wewe taa zilirudi.”

Ninamshukuru. Nilifanya kazi ya umeme miaka mingi baada ya hapo, mpaka kwenye viwanda vya kuchambua pamba kule Shinyanga, na nimepanga rilei nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Kila nilipofika kwenye jaribio, umeme unaposhushwa kwa makusudi na taa zinageuka nyekundu, niliinamisha macho nikatazama mikono yangu. Vijana niliowafundisha walidhani ni ustadi. Hata nyumbani, balbu ikififia, natazama sakafu mpaka irudi. Mke wangu amezoea. Mbali na hilo ninalala vizuri, ninakula vizuri, na sina deni na mtu yule isipokuwa la shukrani.

Lakini wewe bado kijana, utashuka na kupanda sehemu nyingi. Ukijikuta mahali pa chini, taa zikafifia, na mtu usiyemjua akakuambia utoke, usimwulize jina, na usimshike mkono. Wachukue wenzako mtoke. Mengine mtaulizana mkiwa juani.